Bibi Asiyesogea

Jumatatu, 16 Novemba 1998

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, hata Mama. Anayekata kanda za Picha Hai ni mimi. Si Mjomba Silva. Mimi.

Mjomba haoni vizuri. Jicho la kulia lina ukungu tangu mwezi wa sita, la kushoto limeanza kufuata. Akiwa na kamera begani anafuata sauti na mwanga, na mazoea yanamsaidia. Kazi ya mezani haiwezi. Deki mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi, kidole kiko kwenye kitufe. Lazima uone. Kwa hiyo nafanya mimi, pazia limefungwa, naye anakaa barazani na wateja. Wateja wanasema Silva ana jicho. Anacheka nao. Mimi ndani nasikia.

Leo nimemaliza harusi ya Generoza wa Katumba. Kanda mbili zilizojaa, imebaki saa moja. Nimekata hotuba za mashemeji waliosema kitu kile kile. Nimekata mvua. Nimekata mahali ambapo Mjomba aliweka kamera juu ya stuli, akaenda kula, akaisahau inawaka. Hapo kuna bibi mmoja amekaa kwenye mkeka, mbele yake chungu cha pombe ya mtama, mrija mkononi. Bibi hasogei. Nilisubiri asogee. Nikapeleka mbele kwa kasi. Watu nyuma yake wanapita mbio kama siafu, yeye yuko vile vile. Nikazima kabla ya mwisho. Nikakata yote.

Kazi nzuri. Naipenda kuliko chochote nilichosoma shuleni. Naogopa kulisema hilo kwa sauti.

Alhamisi, 19 Novemba

Mvua. Umeme wa mji hakuna, jenereta haina mafuta. Nimekaa tu. Sipendi kukaa tu. Vidole vinatafuta vitufe.

Mjomba amesimulia tena jinsi kampuni ilivyoanza. Anaiita kampuni. Ni chumba kimoja karibu na stesheni, lakini kibao kipo: PICHA HAI VIDEO. TUNAREKODI, TUNABANA, TUNADABU. Kudabu ni kunakili kanda. Alikuwa anachimba dhahabu. Alipopata kidogo, badala ya kununua ng'ombe akanunua kamera. Ndugu walisema amerukwa na akili. Mwanzoni alimpa mteja kanda kama ilivyo, na maneno yake yote. Halafu kaseti zikawa shida. Zinatoka Tabora kwa treni, na masika reli ikisombwa hakuna kitu.

Ndipo akagundua kwamba deki yake ina mwendo wa polepole. Kanda moja inabeba harusi mbili. Akabana harusi za watu msimu mzima. Watu wakapeleka kanda kwao, na deki za Katumba na Kasokola hazina mwendo huo. Maharusi wakaonekana wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki, padri analia kama kifaranga. Mwanaume mmoja alikuja na kanda mkononi akamuuliza, "Silva, mke wangu umemroga au umemkaanga?"

Mjomba akifika hapo hucheka mpaka anajifuta macho. Tangu hapo anabana kwa kukata tu. Anasema ukibana kwa mwendo unaidanganya deki, ila ukibana kwa kukata lazima uwajue watu.

Mimi siwajui watu. Nawajua kwenye kioo tu. Wakija barazani najificha.

Jumapili, 22 Novemba

Kipaimara parokiani. Mjomba karekodi. Kaseti mpya hakuna, treni imekwama huko porini. Nimempa kanda ya pili ya harusi ya Katumba, ile yenye tone la kutex nyekundu, rangi ya kucha, kwenye kona. Kanda zote za kamera naziwekea kutex ili Mjomba azitambue kwa kidole. Hakuna anayejua kwa nini. Wateja wanadhani ni urembo wa msichana.

Familia ya Generoza imeshapewa kanda yake. Huo ndio utaratibu. Ikishabanwa, ile ya kwanza inarudi kazini.

Jumanne, 24 Novemba

Kaka Deo amekuja. Ni mtoto wa rafiki wa Mjomba, anafanya biashara Dar. Nywele zimepakwa mafuta, anasema "poa" kila baada ya neno. Ameleta deki ya sidii. Sijawahi kuona. Sahani mbili nyembamba kama kaki za misa, na humo mna sinema nzima.

Mjomba alizishika, akazigeuzageuza. "Kanda iko wapi?"

"Hakuna kanda, mzee. Ni kompyuta. Kuna makampuni huko nje kazi yao ni hiyo tu, kubana picha."

"Hata sisi ni kampuni ya kubana! Soma kibao."

Deo alicheka, lakini alieleza vizuri. Kompyuta haiandiki picha nzima kila mara. Inatazama nini kimesogea. Mtu kanyanyua mkono, inaandika mkono. Ukuta nyuma yake haujasogea, haiuandiki upya. Ndiyo maana vitu vingi vinaenea mahali padogo.

Nilitaka kuuliza swali. Lilifika kooni likarudi. Mimi ni mjinga wa aina hiyo.

Deo anamtaka Mjomba auze kamera, wafungue ukumbi wa sidii pamoja. Anasema mwisho wa kanda umefika. Mjomba aliwasha redio.

Ijumaa, 27 Novemba

Nimekata kipaimara. Askofu alihubiri sana, nimembakizia kidogo. Kilipoisha pakatokea chenga, zile punje nyeupe za kioo kitupu, halafu miguu ya watu wanacheza, ngoma za Katumba. Nikazima deki.

Mama amenipatia nafasi ya kushona kwa masista Sumbawanga. Mwezi wa kwanza. Amefurahi. Nimesema ndiyo. Kila nikiulizwa na mtu nasema ndiyo. Nina hasira tangu asubuhi na sijui nampigia nani kelele moyoni. Nadhani najipigia mwenyewe.

Jumatano, 2 Desemba

Siku mbaya.

Generoza amekuja na baba yake, Mzee Bonifasi. Amenyoa nywele. Bibi yake amefariki, mama wa Mzee Bonifasi. Wamemzika Jumatatu. Jumapili wanaondoa matanga. Picha ya marehemu hawana. Iliyokuwepo ilipigwa enzi za kuandikishwa kambini, walipoingia kama wakimbizi, nao moto ulikula nyumba mwaka juzi.

Mzee Bonifasi anaongea Kiswahili polepole, kama anachagua mbegu. Alisema, "Fundi, kwenye kanda uliyotupa mama hayumo. Tunajua ulibana, hatulalamiki. Tunaomba kile kipande ulichotoa. Pale alipokaa na chungu."

Mjomba akageuza uso kwenye pazia. Alikuwa ananitafuta mimi. Hakumbuki bibi yeyote, alikuwa anakula.

Generoza akaongeza, "Bibi alikuwa anatusimulia kila siku. Anasema, yule fundi aliniheshimu, aliniangalia mimi kuliko hata maharusi. Na mimi nilijitahidi sikusogea."

Nilikuwa nyuma ya pazia, sinia la chai mkononi.

Hakusogea kwa makusudi. Generoza alieleza: kule kambini waliambiwa ukipigwa picha usisogee, ukisogea unaharibika. Mwaka huu akaona kamera imewekwa mbele yake. Akakaa kama alivyofundishwa. Mgongo wima, mrija mkononi, hata pombe hakunywa. Alikuwa anapigwa picha. Mimi nikaona hakuna kinachoendelea.

Mjomba alisema tutatafuta. Sikutoka na chai. Ilipoa.

Alhamisi, 3 Desemba

Nimepitia kanda zote, isipokuwa ile ya kutex nyekundu, maana najua kipaimara kimeshafuta kila kitu humo. Kwenye kanda ya kwanza ya harusi umesharekodiwa ubatizo na mkutano wa chama cha ushirika. Hakuna Bibi. Sikula.

Deo alikuwa barazani anasafisha sidii zake na kitambaa. Nikamuuliza lile swali. Niliuliza nikiangalia miguu yangu. "Kaka, kama mtu hasogei kabisa, kompyuta inamfanyaje? Inamtupa?"

"Imtupe kwa nini? Inamshikilia pale pale. Inasema huyu ni yule yule, yupo. Mpaka asogee."

"Kwa hiyo hatupwi."

"Hatupwi, dada. Vipi, unataka kufungua kiwanda?"

Nikaingia ndani nikalia. Chuma kile kina adabu kuliko mimi.

Ijumaa, 4 Desemba

Nimemfungia Mjomba begi la kesho. Anaenda Kabungu kurekodi mahari, familia ya Kisukuma. Betri, waya, kanda ya kutex nyekundu, kwa sababu kipaimara kimeshakatwa na hakuna nyingine iliyo huru. Tuliongea kidogo tu. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumamosi, 5 Desemba

Naandika haraka.

Asubuhi nilikuwa nafagia. Mjomba ameshaondoka na pikapu ya wenye shughuli. Ghafla nikakumbuka chenga. Kipaimara kilipoisha, chenga, halafu miguu inacheza. Ngoma za Katumba! Kipaimara hakikufika mwisho wa kanda. Mkiani harusi bado ipo. Na Bibi alikuwa karibu na mwisho.

Na kanda iko Kabungu, inarekodiwa kuanzia mwanzo. Shughuli ya mahari ya Wasukuma haina haraka. Ikifika mkiani itamfuta.

Nikahitaji kanda ya kubadilishia. Za kukodisha zina wenyewe. Za wateja zimelipiwa. Ya kwangu ni moja, mahafali yetu ya kidato cha nne. Mjomba alinirekodia kama zawadi, akavunja kile kidude cha ukingoni mwa kaseti ili mtu asifute juu yake. Mimi nimo humo, napokea cheti cha usafi. Naangalia chini tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikaziba tundu kwa plasta ya kidonda ili ikubali kurekodiwa tena. Nikachukua baiskeli ya Mama.

Barabara ni tope. Nilianguka darajani, sketi ikachanika. Nilikuwa naomba Mungu ng'ombe wawe wabishi.

Walikuwa wabishi. Nilipofika, uwanja umejaa watu, wazee wa pande mbili wamesimama katikati wanagombana juu ya ng'ombe mmoja aliyevunjika pembe. Mjomba yuko mbele na kamera begani. Taa nyekundu inawaka. Kumfikia lazima upite katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, kati ya wazee na ng'ombe.

Nilisimama. Kweli nilisimama. Nilifikiri nimwite mtoto apeleke. Halafu nikaona kupitia kidirisha cha kamera, kanda ya upande wa kushoto imekonda, iko karibu kuisha.

Nikapita.

Mshenga, mtu mrefu mwenye kofia ya pama, alipaza sauti. "Ee binti! Na wewe umeletwa kuhesabiwa? Mbona una tope kuliko ng'ombe wetu?"

Uwanja mzima ulicheka. Mzee mmoja akadakia, "Huyu pembe zake ziko sawa, mpokeeni!"

Nikasikia masikio yanawaka. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa, sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote, "Nimeleta kanda. Naomba msimamishe ng'ombe."

Mjomba alinitambua kwa sauti. "Resti? Kuna nini?"

"Zima, Mjomba. Bibi wa Katumba yumo humo ndani."

Hakuuliza. Alizima. Nikatoa ile, nikaweka ya kwangu. Mikono ilijua kazi yake.

Nilidhani watakasirika, kumbe sivyo. Mshenga ndiyo kwanza akafurahi. "Basi mrudisheni huyo wa pembe moja, alikuwa hajaingia vizuri kwenye picha! Na nyie wazee, gombaneni tena, safari hii mtazame huku." Wakagombana tena, kwa ufasaha kuliko mwanzo. Mmoja alivaa koti.

Nimerudi na kanda kifuani, ndani ya blauzi, kwa ajili ya mvua. Umeme hakuna. Sijaitazama. Sijui kama nimewahi.

Jumapili, 6 Desemba

Tulienda Katumba na lori la tumbaku. Jenereta, tivii, deki, mimi na Mjomba juu ya magunia. Mjomba aliniuliza kama nimeiona. Nikasema hapana. Akasema, "Basi tutaiona pamoja nao." Yeye hataiona.

Uani kwa Mzee Bonifasi watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Ibada imeshaisha, chungu cha pombe ya mtama katikati na mirija yake. Generoza alinishika mkono akaniita dada. Nilitaka kukimbia.

Jenereta ikawaka. Kwanza ng'ombe wa Kabungu. Mtoto alicheka, akanyamazishwa. Ng'ombe, wazee, vidole vinanyooshwa. Nikajiona hata mimi, naja kutoka mbali na tope, naangalia mbele. Halafu chenga. Chenga zikakaa. Nilihesabu makosa yangu yote.

Akatokea.

Bibi yuko kwenye mkeka. Kitenge cha bluu, mgongo wima. Chungu. Mrija mkononi kama mshumaa.

Wanawake hawakulia. Walimtazama tu, naye aliwatazama. Nyuma yake watu wa harusi wanapita na sahani, kuku anaingia na kutoka. Yeye yuko pale pale. Mzee Bonifasi alisogea mpaka karibu na kioo, akakaa chini mbele ya mama yake kama mtoto anayesubiri uji. Sikuona tena kwamba hakuna kinachoendelea. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka. Niliona kidole gumba kinausugua mrija. Alikuwa anafanya kazi ngumu.

Karibu na mwisho akasogea. Macho tu kwanza, kulia, kushoto. Halafu akainama kidogo kuelekea kamera, akauliza kitu kwa Kirundi, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Ua wote ulipasuka. Kicheko na kilio kwa pamoja, sijawahi kusikia sauti ya namna ile. Nikamtazama Generoza. Alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akanitafsiria. "Anauliza, bado tu?"

Siku ile hakujibiwa, maana Mjomba alikuwa kwenye sahani. Leo Mjomba aligeuza uso kule ilikotoka sauti, akasema, "Bado, Bibi. Kaa tu."

Kanda ikaisha.

Wakaomba irudiwe. Tulirudia mpaka jenereta ikaishiwa mafuta.

Wakati wa kuaga Mzee Bonifasi alimshika Mjomba mikono yote miwili. "Fundi, ulijuaje pa kuiacha kamera?"

"Niliisahau, mzee wangu. Nilikuwa nakula ubwabwa wenu."

Mzee alicheka. Hakuamini. Akaniambia mimi, "Mwana wanje, mwanangu, huyu mjomba wako ana jicho. Jifunze kwake."

Nikasema ndiyo. Safari hii nilisema ndiyo ya kweli.

Jumatano, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mji umetulia. Bendera zimelowa.

Deo ameondoka na sidii zake. Kaacha moja, ina mkwaruzo. Nimeitundika dirishani, inatupa mwanga ukutani. Ameahidi kuniambia hizo kompyuta mtu anajifunzia wapi. Pengine atasahau.

Mahari ya Kabungu nimeinakili, na kanda ya kutex nyekundu imerudi Katumba. Nimevunja kidude mwenyewe. Hairudi kazini.

Mjomba amekubali kwenda kwa madaktari wa macho, reli ikifunguka. Anaogopa kisu. Amemwambia Mama kwamba mimi siwezi kwenda kushona sasa, kuna shughuli za Krismasi na mkono wake unauma, hawezi kubeba kamera, nitambebea mimi. Mama alimtazama mkono. Akamkanda na maji ya moto. Mjomba alivumilia, mkono mzima kabisa.

Mahafali yangu hayapo tena. Nimeyatafuta moyoni kuona kama nasikitika. Kidogo. Badala yake kuna wazee wanagombana na ng'ombe wa pembe moja. Nikikata kanda ile sitakata ugomvi, hata ule wa mara ya pili.

Leo nimekaa barazani, si nyuma ya pazia. Mteja alipita akaniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia amepumzika. Nikaweza kumwangalia usoni.

Basi. Na wewe uliyefungua daftari hili bila ruhusa, sikukujua na sikukualika, lakini umeshasoma. Usiseme kwamba Mjomba haoni. Usiseme ni nani anakaa mezani. Wakikuuliza, waambie kama wanavyosema wote: Silva ana jicho.